Sarafina alinifundisha redio kabla sijashika maikrofoni

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaotusoma kwenye simu mkiwa kambini au kwa jamaa waliowapokea, kuna maswali mawili ambayo huniuliza kila mnaponikuta sokoni au kwenye kituo cha pikipiki. La kwanza: kwa nini katika kipindi cha watoto tunawaacha waimbe kwanza, kabla ya kuwauliza habari zao? La pili: kwa nini habari zetu za vita hazina mlio wa bunduki, wakati watangazaji wengine huuweka ili habari iwe na uzito? Maswali yote mawili yana jibu moja, na kwa kuwa tarehe 16 mwezi wa sita inakaribia, leo nalitoa. Jibu hilo nililipata katika mchezo wa kuigiza kutoka Afrika Kusini uitwao Sarafina!, ambao ulinikuta nikiwa mtoto katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania.

Wengi wenu mnaijua Sarafina kama filamu, ile ya mwaka 1992 iliyozunguka Afrika kwenye kaseti za video, Whoopi Goldberg akiwa mwalimu na Miriam Makeba akiwa mama. Lakini kabla ya filamu, Sarafina ilikuwa mchezo wa jukwaani, wenye nyimbo na ngoma tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeutunga ni Mbongeni Ngema, na katika muziki alishirikiana na Hugh Masekela, mpiga tarumbeta. Ulionyeshwa mara ya kwanza mwezi wa sita mwaka 1987 katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg. Ngema alikusanya vijana kutoka vitongoji vya watu weusi, akawafundisha kuimba, kucheza na kuigiza. Nafasi ya Sarafina alipewa Leleti Khumalo, msichana wa KwaMashu karibu na Durban, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17. Ndiye huyo huyo mnayemwona katika filamu.

Watu hawa si wageni kabisa kwetu. Mwaka 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipokuwa wanasubiriwa kupigana Kinshasa, lilifanyika huko tamasha kubwa la muziki lililoitwa Zaïre 74. Masekela alikuwa mmoja wa walioliandaa, na Makeba aliimba humo. Nataja hili kwa sababu siku niliyoiona Sarafina, mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la nyuma aliruka kwa furaha mama wa Sarafina alipotokea kwenye televizio. "Ule ni Makeba! Ule mama alikuja kwetu!" alisema, kana kwamba shangazi yake ameingia mlangoni.

Habari yenyewe inaanzia kwenye jambo la kweli. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliamuru kwamba baadhi ya masomo katika shule za watoto weusi yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo watoto waliiona ni ya wale waliowakandamiza, na ambayo hata walimu wengi hawakuimudu. Tarehe 16 Juni 1976, maelfu ya wanafunzi wa Soweto walitoka shuleni wakaandamana. Polisi waliwapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa siku hiyo ni Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Mpiga picha Sam Nzima alimpiga picha akiwa amebebwa mikononi na kijana mwingine, dada yake akikimbia pembeni, na picha hiyo ilienda dunia nzima. Tangu mwaka 1991 Umoja wa Afrika, ambao enzi hizo uliitwa OUA, umeifanya tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Basi watoto wenu wanapopewa fulana na biskuti siku hiyo na kuambiwa wapange mstari, mjue kwamba msingi wa sherehe hiyo ni watoto waliokataa kukaa kimya.

Sarafina inatuonyesha wanafunzi wa kalasi moja katika shule ya Morris Isaacson huko Soweto. Wanafunzi wa kweli wa shule hiyo walikuwa kati ya walioandamana mwaka 1976. Katika mchezo, askari wako nje ya shule, wengine wanakamatwa na kuteswa, wengine wanazikwa. Ndani ya hayo yote, kalasi inaandaa mchezo wa shule. Mchezo wao ni kuhusu siku ambayo Nelson Mandela atatoka gerezani. Kumbukeni jambo hili, nitalirudia.

Sasa nieleze namna ulivyonifikia. Familia yetu ilivuka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1996, nikiwa na miaka 7. Wengi wa Uvira na Fizi mnaijua safari hiyo: mtumbwi wa mota, usiku, mama anaziba mdomo wa mtoto asilie. Tulipelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, mkoa wa Kigoma. Huko ndiko nilikokulia. Tulipewa unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi kwa kadi, tukasoma masomo ya Kongo kwa Kifaransa, na jioni tukacheza mpira wa karatasi zilizofungwa kwa kamba.

Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha video: kuta za udongo, paa la shitingi, televizio ndogo na jenereta iliyonguruma nje. Mtoto asiye na shilingi aliruhusiwa kuingia kwa kikombe cha maharage. Mama yangu hakupenda, maana maharage yalikuwa ya kuhesabu. Nilikuwa na miaka 11 niliposikia kwamba imekuja filamu ya watoto wa shule wanaowaimbia askari. Mama alinitazama kwa muda, akanipimia kikombe, hakikujaa.

Katika kibanda kile kulikuwa na kijana aliyesimama kando ya televizio na maikrofoni, akitufasiria kwa Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, na pale asipoelewa aliongeza chumvi yake mwenyewe. Watu waliongea kwa Kizulu, yeye akatuambia wanachosema bila wasiwasi wowote. Tulimwamini. Lakini nilimwona akifanya jambo moja ambalo sijalisahau. Kila wimbo ulipoanza, alishusha maikrofoni chini, akaiweka juu ya paja, akanyamaza mpaka wimbo uishe. Hakuna aliyelalamika. Watu walioelewa neno moja kati ya kumi walikuwa wameinamia televizio, wengine wanatikisa mabega. Wimbo ulipokwisha, aliinua tena maikrofoni na kuendelea na kazi yake.

Leo naona kwamba kijana yule ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa uandishi wa habari. Baadaye nilisomea kazi hii, nikafundishwa namna ya kukata sauti, kutafsiri juu ya sauti ya mtu, kufupisha. Yote hayo nayatumia. Lakini mama wa Kifuliiru anapoimba wimbo wa kumlilia mtoto wake, simwekei tafsiri juu. Nashusha maikrofoni. Akimaliza, ndipo nasema alichokisema.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa mtu mwingine. Mpaka siku hiyo nilidhani mtoto wa vitani ana kazi mbili tu: kukimbia na kuhurumiwa. Wageni walipokuja kambini na kamera, tulijua sura wanayoitaka, tukawapa. Kumbe kuna watoto waliofukuzwa, waliopigwa, waliozikana wao kwa wao, na bado walisimama wakiwa wamevaa sare za shule wakapiga miguu chini kwa pamoja mpaka ardhi ikaitika. Hawakuomba huruma. Walikuwa wanasema wao ni nani. Nilimaliza wiki nzima nikijaribu ile miguu nyuma ya choo chetu, mpaka papa akaniuliza kama nimeingiwa na siafu.

Jambo la lugha nalo lilitugusa. Sisi pia tulijifunza kwa lugha isiyo yetu, na katika kalasi yetu mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili alivishwa kipande cha ubao shingoni mpaka mwingine ateleze. Sitaki kusema Kifaransa chetu ni sawa na Kiafrikana chao. Kifaransa kimenipa kazi, na hakuna aliyetupiga risasi kwa ajili yake. Lakini mtoto anayejua uzito wa kale kaubao anaelewa haraka kwa nini wenzake wa Soweto waliingia barabarani. Hatukuhitaji kufafanuliwa.

Mwaka 2002, mwalimu wetu wa Kifaransa aliamua kwamba Siku ya Mtoto wa Afrika hatutaimba tena nyimbo za kunawa mikono. Tutacheza Sarafina. Hakukuwa na kitabu cha mchezo. Tulikuwa na tulichokumbuka kutoka kibandani tu, kila mtoto na kipande chake, na mwalimu akavishona pamoja kwa Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kidogo. Nyimbo tulitunga zetu. Ngoma zilikuwa bidoni za mafuta. Msichana mmoja wa kalasi ya sita alipewa nafasi ya Sarafina, naye aliistahili. Mimi nilikuwa mrefu na mwenye sauti nzito kuliko wenzangu, nikapewa upolisi. Tulikuwa polisi wanne, kila mmoja na bunduki ya mti.

Uwanja ulijaa siku hiyo. Wazazi, wakubwa wa kambi, watu wa mashirika kwenye viti vya plastiki. Mambo yalikwenda vizuri mpaka wanafunzi walipoandamana na sisi polisi tukatokea, tukainua miti yetu, mtoto mmoja akapiga bidoni kwa fimbo mara nyingi mfululizo, na wenzetu wakaanza kuanguka. Hapo mama mmoja alisimama katikati ya watu, mikono kichwani, akalia kwa sauti: "Muache! Muache ile! Tulishaona inatosha!"

Uwanja mzima ulinyamaza. Kila mtu mzima pale alijua analia nini. Hatukuwa watoto wa Soweto, tulikuwa watoto waliovuka ziwa usiku, na miti mikononi mwetu haikuwa miti machoni mwake. Mwalimu alipanda kwenye tuta letu, akatuambia tuweke miti chini na kukaa. Akamwendea yule mama, akamsalimia kwa heshima, akamletea kiti. Kisha akawaambia watu kwamba mchezo utaendelea kwa wimbo, na tuliimba tukiwa tumekaa vile vile.

Tulidhani ndio mwisho wake. Lakini wiki mbili baadaye mwalimu alituita tena. Alisema mchezo lazima uchezwe, maana watoto wa Soweto wakifichwa na sisi tumefichwa. Ila utachezwa bila bunduki. Alitupanga upya namna hii: sisi polisi tulisimama tukiwa tumewapa watu mgongo, mikono mitupu. Mtoto wa bidoni alipiga mara moja tu. Wanafunzi wote walikaa chini taratibu, kama watu wanaochoka. Akabaki Sarafina amesimama peke yake, akiita majina ya wenzake, na aliyeitwa hakuitika. Basi. Tulipocheza mara ya pili, yule mama alikuja. Alisimama nyuma kabisa, karibu na bomba la maji, akabaki mpaka mwisho. Na nilisikia watu wakilia kuliko mara ya kwanza, lakini kilio cha aina nyingine, kile cha watu wanaokumbuka pamoja.

Hilo ndilo jibu la swali lenu la pili. Siweki mlio wa bunduki katika habari kwa sababu wanaonisikiliza wanaujua. Kuna mama anasikiliza redio akiwa anasonga ugali ndani ya hema, mtoto amelala pembeni. Nikimpigia bunduki hewani, simpi habari yoyote. Namrudisha barabarani alikokimbia. Nikimwambia kijiji gani, saa ngapi, nani amekufa na barabara ipi imefungwa, hapo nimemsaidia kuamua. Nimejaribu kueleza hivi kwa wenzangu wa kazi, wengine wamekubali, wengine wanaona ni ulaini. Mimi niliusoma ule uwanja wa Nyarugusu na sihitaji somo jingine.

Nilirudi Kongo mwaka 2007, kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, kisha nyumbani Uvira. Nilipokuwa nasomea uandishi wa habari ndipo nilipojua kwamba Sarafina ilianza jukwaani, na lini. Tarehe ile ilinishangaza kuliko kitu chochote. Hesabuni nami. Mchezo umefunguliwa mwezi wa sita mwaka 1987. Mwezi wa kwanza mwaka 1988 umeingia Broadway, New York, katika ukumbi wa Cort Theatre, ambako ulichezwa mara 597 mpaka mwezi wa saba mwaka 1989. Mandela ametoka gerezani tarehe 11 Februari 1990. Maana yake, vijana wale walicheza siku ya kutoka kwa Mandela, jioni baada ya jioni, wakati yeye yuko bado ndani na hakuna aliyewapa ahadi yoyote. Nilipoiona mimi kambini, Mandela alikwisha kuwa rais na kustaafu, kwa hiyo nilidhani wanasimulia jambo lililopita. Kumbe walikuwa wanafanyia mazoezi jambo ambalo halijatokea.

Sisemi kwamba mchezo ndio uliomtoa Mandela. Waliomtoa ni watu wengi, kwa miaka mingi, na wengine walikufa kwa ajili hiyo. Ninachosema ni kwamba siku ilipofika, vijana wale hawakuipokea kama wageni. Walikuwa wameshaijaribu miilini mwao, wanajua itakavyokuwa, watasimama wapi, watasema nini.

Wazo hili liliniingia kazini baada ya mafuriko ya mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba hapa Uvira. Katika kambi moja upande wa Kavimvira, familia za mafuriko zilikaa pamoja na familia zilizokimbia mapigano ya nyanda za juu. Nilikwenda kurekodi kipindi cha watoto. Waliimba kwanza, kama kawaida yetu. Kisha, badala ya kuwauliza walikimbiaje, niliwaambia: "Tuonyesheni siku mtakayorudi nyumbani. Itakuwaje?" Nikawapa siku tatu za mazoezi.

Mama mmoja alinifuata nikitoka. Alikuwa na mtoto mgongoni na ndoo mkononi. "Mwanangu," aliniambia, "unabadanganya batoto. Tutarudia wapi? Nyumba ilienda na mayi." Nilimjibu: "Mama, sijawaahidi siku yoyote. Nimewauliza tu wao wanaionaje." Hakuridhika. Alisema mtoto ukimwonjesha sukari ambayo huna, usiku atakusumbua. Nilikwenda nyumbani na neno lake, maana ni neno zito. Nani kati yetu hajaona watu wakipita kambini na ahadi, kisha vumbi la gari?

Siku ya nne nilirudi na kinasa sauti. Niliwaza watacheza ngoma, watapika nyama, watapiga vigelegele. Hawakufanya hivyo. Msichana wa miaka kama 10 alitembea na furushi kichwani mpaka kwenye mlango uliochorwa chini kwa majivu. Akabisha. Ndani akatoka mvulana akiwa "baba" wa familia nyingine. "Karibu. Unatafuta nani?" Msichana akasema: "Natafuta nyumba yetu." Mvulana akajibu: "Hii ni yetu, tulikuta wazi." Watoto waliokuwa wanatazama hawakucheka. Basi mchezo wote ukawa juu ya hilo. Wakaita shefu wa mtaa. Wakaita jirani wa zamani ashuhudie mwembe ulipandwa na nani. Yule "baba" akaeleza kwamba nao walifukuzwa kwao. Mwisho waliamua familia mbili zilale chini ya paa moja mpaka mavuno, mwenye nyumba chumba cha mbele, mgeni cha nyuma, na karatasi iandikwe. Ndipo wakaimba.

Yule mama wa ndoo alikuwa anatazama. Hakuniambia kitu cha sifa. Aliuliza tu: "Na ile karatasi, inaandikwa wapi?"

Swali lake tulilipeleka hewani pamoja na mchezo wa watoto. Simu tulizopokea wiki ile zilikuwa za swali hilo hilo kwa sura nyingi: nimekimbia, kiwanja changu kina mtu, nianzie wapi? Nikiwa sina karatasi, shahidi anatosha? Mume amekufa, ndugu zake wanasema shamba ni lao, mimi na watoto tuna haki gani? Tulialika mwanasheria na shefu wa mtaa, tukafanya vipindi vitatu. Kwa miaka mingi niliuliza watoto walichopoteza, na walinijibu vizuri, na habari ikaishia hapo. Nilipowauliza siku inayokuja, walituonyesha tatizo ambalo sisi wakubwa tulikuwa bado hatujaliwekea meza.

Nisimalize kwa kuisifu Sarafina kama malaika. Ndani ya filamu kuna sehemu ambayo wanafunzi wanamchoma moto polisi mweusi aliyewasaliti. Haifichwi. Watoto wale wale wanaoimba ndio wenye kibiriti. Huku kwetu ambako vijana wadogo huitwa porini na kupewa silaha, sehemu hiyo ndiyo ninayowaomba wazazi waitazame pamoja na watoto wao na kuizungumza, badala ya kuiruka. Hasira ya mtoto ina haki yake. Kuna watu wazima wanaoisubiri barabarani ili waitumie, nao hawaji na nyimbo tu.

Na katikati ya miaka ya 1990 Ngema alipewa na wizara ya afya ya nchi yake zaidi ya randi milioni 14 atengeneze Sarafina ya pili, ya kufundisha kuhusu UKIMWI. Likawa zogo kubwa. Watu waliuliza fedha zote hizo za nini, na wajuzi wa ugonjwa wakasema hata ujumbe wenyewe hauko wazi. Mchezo ukasimamishwa. Tofauti na ule wa kwanza iko wazi: wa kwanza ulikuwa na jambo ambalo vijana wenyewe walitaka kulisema, wa pili ulikuwa na jambo ambalo ofisi ilitaka lisemwe. Katika kambi zetu tumeshaona michezo mingi ya namna hiyo ya pili. Kipindupindu kinazuilika, kweli, na nawe mikono. Lakini mtoto anajua ni lini amepewa maneno ya kusema na ni lini ameulizwa.

Masekela alifariki mwezi wa kwanza mwaka 2018. Ngema alifariki kwa ajali ya gari mwezi wa 12 mwaka 2023. Mwalimu wetu wa Kifaransa bado yu hai, ana mvi, na akinisikia redioni hunitumia ujumbe kusahihisha Kifaransa changu.

Basi mwaka huu, tarehe 16 mwezi wa sita, ninaomba jambo dogo kwa viongozi wa kambi, walimu na familia zinazowapokea wenzao. Kabla ya hotuba, wapeni watoto nusu saa. Msiwaandikie maneno. Waacheni waimbe wimbo wao, kisha waulizeni siku wanayoingoja itakuwaje, na wawaonyeshe. Wakicheza bunduki, iwekeni miti chini, mwanzeni tena. Andikeni maswali watakayoyaibua, hasa yale yanayowauma ninyi wakubwa, mtupe redioni. Tutawatafutia mtu wa kuyajibu. Na mkituita kurekodi, tutakuja, hata kama barabara ni ya matope.